Kuvusha Maua Kipindi cha Baridi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati iliponiomba niseme machache, iliniambia nichague jambo ninalolijua kwa kulifanya, si kwa kulisoma tu. Bila shaka wako waliotazamia kwamba mtumishi wa Serikali akisimama hapa atasema juu ya bajeti au nidhamu ya kazi. Mambo hayo yana wasemaji wake, na leo ni siku ya furaha. Mimi nitasema juu ya maua. Tena si maua yote, ila yale yanayopandwa katika vikapu na kutundikwa barazani, na hasa namna ya kuyavusha kipindi cha baridi yasife. Naomba mnivumilie, kwa maana tukifika mwisho mtaona kuwa habari hii inatuhusu sisi tuliosomea chini ya milima ya Usambara kuliko inavyowahusu watu wengine wengi.

Nilipomaliza Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, nilikaa mwaka mmoja wa masomo Uingereza. Yeyote aliyefika nchi ile wakati wa kiangazi chao amekwisha kuviona vikapu hivyo: vya waya, vimetandikwa makumbi ya nazi kwa ndani, vimejazwa udongo mwepesi, na maua yanamwagika pande zote kama nywele. Vimetundikwa kwenye milango ya nyumba, kwenye nguzo za taa, hata kwenye stesheni za garimoshi. Lakini karibu kila ua lililomo humo ni mgeni. Jeraniamu, ambazo wataalamu huziita pelagoni, asili yake hasa ni Afrika ya Kusini. Fuksia nyingi zimetoka Amerika ya Kati na ya Kusini. Begonia zenye viazi zimetoka milima ya Andes. Na lile ua jepesi lenye petali tano, jekundu, jeupe au la waridi, ambalo wataalamu huliita Impatiens walleriana, limetoka kwetu: linaota lenyewe kuanzia Kenya hadi Msumbiji, penye kivuli na unyevu. Vijana wanaopanda hadi Amani wamelipita mara nyingi kando ya vijito bila kulisalimu.

Wageni hawa wote wana adui mmoja, naye ni jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku kuwa barafu. Kwa kawaida jalidi huanza Uingereza mwezi wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, na yaweza kurudi mpaka mwezi wa Mei. Mmea laini una maji mengi ndani ya chembe zake. Maji yakiganda, chembe hupasuka, na asubuhi jua likitoka utayakuta majani yamekuwa meusi na kulegea kama mchicha uliochemshwa. Usiku mmoja unatosha. Ndiyo sababu vitabu vyao huyaita haya "maua ya msimu mmoja". Kwao ni ya msimu mmoja, lakini kwao yalikotoka mmea uleule huishi miaka. Ua halikuzaliwa na maisha mafupi. Limefupishiwa na mahali lilipopelekwa.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mtu wa kubana matumizi, na hakukubali kununua maua mapya kila mwaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba njia za kuvusha maua ni tatu, na kila mmea una njia yake.

Njia ya kwanza ni kuuhamisha mmea mzima. Hii ndiyo njia ya jeraniamu. Kabla ya jalidi ya kwanza unazitoa kikapuni, unaukung'uta udongo wa zamani, unakata matawi mpaka yabaki kama sentimita 10 hadi 15, unaondoa kila jani lenye ugonjwa, na kuzipanda katika vyungu vidogo. Kisha unaziweka mahali penye mwanga na ubaridi usiofikia kuganda, nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi. Hapo hazikui wala hazifi, zinasubiri. Maji ni kidogo sana. Waswahili husema akiba haiozi. Katika maua, ndugu zangu, akiba huoza, tena upesi, na kinachoiozesha aghalabu si baridi bali ni mkono wenye huruma unaomwaga maji kila siku. Tia kidole udongoni. Ukiona pakavu kabisa ndipo umwage kidogo.

Njia ya pili ni kuulaza mmea. Fuksia ikipata baridi hupukutisha majani, ikabaki vijiti. Asiyejua huitupa, akidhani imekufa. Anayejua huiweka gizani, stoo au chini ya ngazi, pasipoganda, akahakikisha tu udongo haukauki kabisa. Mwezi wa Februari au Machi anaitoa kwenye mwanga, anaikata, anaimwagia maji ya vuguvugu, na vijiti vile huanza kutoa macho. Begonia yenye kiazi ni rahisi zaidi. Majani yakishageuka manjano, unafukua kiazi, unakikausha, na kukifukia katika mchanga mkavu ndani ya sanduku. Machi unakipanda tena, upande wenye kishimo ukiangalia juu.

Njia ya tatu ni kuuacha mmea wenyewe ufe na kuokoa kipande chake. Hii ndiyo njia ya ua letu la Usambara, kwa kuwa lenyewe halijui kulala. Mmea uliozaliwa mahali pasipo na baridi kali hauna desturi ya usingizi. Ukiuweka gizani utaoza tu. Basi mwezi wa Agosti au Septemba, mmea ukiwa bado na nguvu, unakata chipukizi la sentimita 7 hadi 10 chini kidogo ya kifundo cha jani. Unaondoa majani ya chini na maua yote, kisha unalitia katika gilasi ya maji dirishani. Baada ya wiki mbili hivi utaona mizizi myeupe kama nyuzi, nawe unalipanda katika kopo dogo. Jeraniamu pia huvushwa hivyo, ila kipande chake huachwa kwanza saa chache ili jeraha likauke, kisha hupandwa kwenye udongo wenye mchanga, wala hakifunikwi.

Njia zote tatu zina masharti mamoja. Chagua mmea mzima, usivushe mgonjwa kwa sababu tu unampenda. Kagua kila baada ya wiki mbili, uokote majani yaliyokufa kabla ukungu wa kijivu haujaenea, na uangalie vidukari chini ya majani. Na majira mazuri yakirudi usiwe na haraka: toa vyungu nje mchana na kuvirudisha ndani usiku, kwa wiki moja au mbili, mpaka mmea uzoee upepo. Lakini sharti kubwa kuliko yote ni kwamba kazi hii hufanywa kabla. Siku ya jalidi hakuna tena la kufanya. Bibi yule alikuwa akikata vipandikizi vyake wakati bustani imepamba kabisa, na majirani wakimshangaa kwa kukata maua mazuri.

Najua wadogo zetu wanajiuliza: sisi wa Tanga, joto linatuyeyusha, habari za jalidi za nini? Nitajibu kwa yale niliyoyaona ndani ya nchi yetu.

Katika utumishi wangu nilipata uhamisho kwenda Makete. Wilaya ile iko juu sana, na uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Mwezi wa Juni hadi Agosti jalidi huanguka huko kama huko Ulaya. Huunguza viazi, huunguza mboga, na huunguza maua. Palikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakiotesha jeraniamu na fuksia katika makopo na mifuko, wakiziuza kwa wenye nyumba za wageni na watu wa maofisi, hata Njombe na Makambako. Fedha ile haikuwa nyingi, lakini ilikuwa yao. Ililipa sare za watoto na madaftari, na mama mmoja wao aliniambia kwamba ndiyo fedha pekee aliyoishika bila kumwomba mtu.

Usiku mmoja wa Julai ulichukua kila kitu. Nilipopita asubuhi nilikuta makopo zaidi ya mia mbili yamepangwa vizuri mstari kwa mstari, na mimea yote imelala meusi. Hasara kubwa haikuwa makopo yale ya kuuza. Hasara ilikuwa kwamba mimea mama, ile ambayo kila mwaka walikata vipande vyake, ilikuwa imesimama nje pamoja na watoto wake. Palikuwa hapana pa kuanzia.

Kumbe palikuwapo. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wenzake walizoea kumtania, alikuwa ameingiza makopo mawili ndani mwezi wa Mei, akayaweka kwenye dirisha la stoo, karibu na ukuta wa jikoni. Hakuwa na sababu ya kitaalamu. Alisema yalikuwa ya rangi aliyoipenda. Mwezi wa Septemba, baridi ilipolegea, tulikaa kwenye baraza yake tukakata. Kopo moja likatoa vipande vinane, la pili saba. Vilivyoshika vilikuwa kumi na viwili. Baada ya miezi michache vile kumi na viwili navyo vikakatwa. Mwaka wa pili uliofuata kikundi kilikuwa kinauza tena, na tangu hapo wakaweka sheria: kila mwezi wa Aprili, kila mwanachama huingiza ndani mimea mama miwili ya kila aina, kila mmoja nyumbani kwake, isikae mahali pamoja. Sheria hiyo haikuandikwa na mtaalamu yeyote, nami sijaona kitabu kilichoisema vizuri zaidi.

Sasa, wadogo zetu, fikirini jambo hilohilo kwa ukubwa. Watu wa Ulaya hununua mamilioni ya maua ya vikapu kila mwezi wa Mei. Mimea mama inayozaa vipandikizi hivyo hukaa wapi Desemba, wakati London ina mwanga wa saa nane tu kwa siku? Mingi inakaa kwetu. Katika nyanda za Arusha, na kwa jirani zetu wa Kenya huko Thika na Naivasha, yako mashamba ambayo kazi yake ni kulea mimea mama. Wafanyakazi hukata vichipukizi, wanavihesabu, wanavifunga katika mifuko midogo vikiwa bado havina mizizi, na ndege huvipeleka Ulaya vikaoteshwe mizizi katika mabanda ya kioo. Kwa maneno mengine, Afrika ya Mashariki imekuwa lile dirisha la stoo la mama wa Makete, kwa bara zima. Hiyo ni kazi ya heshima, na kijana anayejua kwa nini kipande hukatwa chini ya kifundo si kibarua tu; ana elimu mkononi.

Lakini pana jambo moja ambalo dirisha haliwezi kulifanya, nalo ndilo lililonileta hapa.

Mwaka 2003 ulionekana Uingereza ugonjwa wa ukungu unaoshambulia lile ua letu la Impatiens walleriana. Majani hugeuka manjano, chini yake pakatokea unga mweupe, kisha yanapukutika yote na kuacha shina tupu. Mwaka 2011 na 2012 ukaenea katika majimbo mengi ya Marekani. Maua yaliyokuwa yakiuzwa kuliko karibu yote ya kivulini yakaondolewa mabustanini, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa hubaki hata udongoni. Hapo ndipo ilipoonekana hatari ya kuvusha kitu kilekile kila mwaka. Mimea ile ya bustani ilikuwa kama watoto wa tumbo moja; kilichomwua mmoja kiliwaua wote. Kipandikizi ni mmea uleule uliokatwa, haukuongezewa nguvu yoyote ambayo mama yake hakuwa nayo.

Wazalishaji wa mbegu wakakaa miaka wakitafuta na kuchagua mimea yenye kustahimili, wakaipata. Aina mojawapo, iliyotolewa na kampuni ya Syngenta, waliipa jina la Kiswahili: Imara. Neno letu limeandikwa kwenye pakiti za maua huko Ulaya na Marekani. Nilipoliona nilifurahi, kisha nikatafakari. Kustahimili hakuzuki hewani. Hutoka katika tofauti: mmea huu una hili, ule una lile. Na tofauti za ua lolote ni nyingi zaidi pale lilipozaliwa, ambako limeishi na mvua, kivuli na magonjwa ya mahali pake kwa karne nyingi. Hapa kwetu, basi. Huko juu msituni liko ua hilo, na wako ndugu zake, akiwamo Impatiens usambarensis aliyebeba jina la milima yetu.

Na si hilo peke yake. Mwaka 1892 hivi, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Usambara na aliyekwisha kuandika kitabu cha Kiswahili kwa Wajerumani mwaka 1890, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau kutoka pande hizi. Mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Leo limo madirishani duniani kote, nalo haliwezi kabisa kukaa nje wakati wa baridi ya Ulaya. Mwaka mzima ni mtu wa ndani. Lakini huku kwao linaota juu ya miamba yenye kivuli, na mti ulioushika unyevu ukikatwa, mwamba hukauka na ua hufa. Kule Mbololo katika vilima vya Taita nchini Kenya, ndugu yake mmoja amebaki mahali padogo sana. Dunia ina mamilioni ya watoto wa ua hili, na makwao panapungua.

Kwa hiyo basi, ombi langu ni la mambo matatu.

La kwanza ni la shule. Veranda ya mabweni ina nguzo nyingi na kivuli kizuri, na maua yanayopandwa kwa ajili ya sherehe hufa kila Januari na Februari, jua linapokuwa kali. Huo ndio msimu wetu mbaya. Kwetu kiangazi ndicho baridi. Njia ni ileile: Novemba kateni vipande, vioteshwe mahali penye kivuli, na mimea mama miwili ya kila aina itunzwe nyuma ya maktaba, yenye kibao cha jina. Wenzangu wa mwaka wetu tumekubaliana kununua neti ya kivuli na vyungu vya kuanzia. Maji na uangalifu ni vyenu.

La pili ni la kila mmoja. Jifunzeni kukata na kuotesha kwa mikono. Kiwembe kisafi, gilasi ya maji na dirisha ni maabara ya kutosha kwa kidato chochote, na ni ujuzi unaoweza kumlisha mtu Arusha, Makete, na hata nyumbani kwake.

La tatu ni la msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na miti yake si ya kutupatia mvua na maji tu. Msing'oe maua ya miambani mkayauze barabarani, wala msimwoneshe mgeni mahali yalipo ili ayang'oe yeye. Kwa watu wengine, mmea ukifa wataandika barua na kuagiza mwingine. Barua hiyo, mwisho wa safari yake, hufika kwetu. Nasi tukiwa hatunao, hakuna tena wa kuandikiwa.

Mama yule wa Makete aliingiza makopo mawili kwa sababu ya rangi. Sisi tuna milima mizima.